Karatasi ya Wapi na Lini

Kaltham binti Amur alikuwa akiapa kwamba hapekui mifuko ya mumewe. Ni kufua tu. Kanzu ya dishdasha haitiwi majini na vitu ndani, basi kila Jumanne mkono wake uliingia mfukoni mwa Sleyum kwa ajili ya usafi, na kila Jumanne ulitoka na risiti ya petroli au kalamu. Jumanne moja ya mwaka 1984, nyumbani kwao Nizwa, ulitoka na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Ilikuwa na safu mbili, mwandiko wa Sleyum mwenyewe. Ya kushoto ilikuwa Kiingereza, na hicho Kaltham alikisoma, maana alifika darasa la nane Unguja kabla mambo hayajaharibika. Here, there, where, near, far, now, today, tomorrow, always, never. Safu ya kulia hakuijua baba wala mama. Mbele ya here paliandikwa tu. Mbele ya there, tam. Near ilikuwa blisko, tomorrow ilikuwa yutro, never ilikuwa nigdi.

"Tu tam," alisoma kwa sauti, peke yake penye beseni. "Tamu nini hiyo, mbona haikumaliziwa?"

Akakaa kitako akafikiri. Kaltham alikuwa fundi wa cherehani, na fundi mzuri hukigeuza kitambaa akakitazama kwa ndani. Mtu anayejifunza lugha kwa heri huanza na mkate, maji, bei gani, hujambo. Humu hamna mkate. Hamna hata salamu. Humu mna wapi, hapa, karibu, sasa, kesho. Haya ni maneno ya watu wanaotaka kukutana, na wanaotaka wasionekane. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema wazee, na chake Kaltham alikuwa amekishika mkononi.

Sleyum alikuwa fundi wa eksirei hospitalini, mpole, mtu wa maneno machache. Walioana mwaka 1975. Mimba tatu zilimharibikia Kaltham, na Sleyum hakupata kumlaumu hata kwa jicho. Kwa miaka minane Kaltham alimshukuru Mungu kwa hilo. Mwaka wa tisa akaanza kulitilia shaka. Mume asiyelalamika bila shaka ana pake pa kupumulia. Alijua kwamba kasoma Ulaya. "Ulaya ipi?" aliwahi kumuuliza. "Ulaya ya baridi," alijibiwa. Miaka ile kulikuwa na nchi za kikomunisti ambazo huku Oman hazikutajwa kwa sauti, basi hakumshikilia.

Na pale hospitalini palikuwa na Daktari Halina wa meno, Mpolandi, aliyefika mwaka uliopita. Habari zake alizileta jirani, Bi Turkiya, aliyezaliwa Bujumbura na ambaye hakuna lililompita.

"Nimewaona koridoni, yeye na mumeo," alisema Turkiya akimeza chai. "Wanaongea lugha siyo Kiarabu, siyo Kiingereza. Na Sleyum anacheka, dada. Sleyum!"

"Lisemwalo lipo," alisema Kaltham.

Alikuwa ameirudisha karatasi mfukoni baada ya kuinakili. Wiki iliyofuata hakungoja siku ya kufua. Jumatano, Sleyum akiwa anaoga, mkono uliingia tena kwa ajili ya usafi. Chini ya orodha palikuwa na mstari mpya kwa wino mwekundu: yutro o jeshontei.

Yutro alikwishaijua. Kesho. Hiyo jeshontei haikuwamo orodhani. Basi Kaltham akajifunga mtandio shavuni kama mwenye jino bovu, akaenda kwa adui mwenyewe.

Daktari Halina alimtazama kinywa kizima, akasema kwa Kiingereza kwamba meno yote ni mazima.

"Daktari," alisema Kaltham, naye kwa Kiingereza chake cha darasa la nane, "jeshontei ni nini?"

Uso wa yule mwanamke ukakunjuka. Akainua mikono yote miwili, vidole vimetanuka, kumi. Kisha akaukamata mkono wa Kaltham kwa furaha. "Kesho! Wewe mwanamke mzuri sana. Nimefurahi sana."

Ujuba gani huu! Kaltham alitoka pale bila hata kuaga. Kuibiwa ni kuibiwa, lakini mwizi akushike mkono akusifu! Vidole kumi, saa kumi. Alasiri, watu wametoka msikitini wanajinyoosha. Wamechagua wakati wao vizuri.

Alhamisi asubuhi Sleyum alivaa dishdasha mpya, akasimama mlangoni pa chumba cha cherehani.

"Kaltham, vaa abaya twende mahala. Saa nne wanatungoja."

"Nani wanaotungoja?"

"Nitakueleza njiani. Ni maneno marefu."

Saa nne! Kaltham aliona njama yote. Anataka kumzungusha asubuhi juani, arudi amechoka alale, na saa kumi yeye atoke mlango wazi. "Mie nina nguo za arusi ya watu wa Manah," alisema, mguu haujatoka kwenye cherehani. "Nenda weye."

"Nakuomba, Kaltham."

Sleyum hakuwa mtu wa kuomba. Hilo nalo Kaltham akalitilia shaka. "Wallahi siendi."

Sleyum akachukua ufunguo wa gari akaenda. Alirudi adhuhuri. Chakula hakukigusa, alilala akautazama ukuta. Alasiri ikaadhiniwa, saa kumi ikafika, naye hata hajageuka ubavu.

"Hutoki leo?" aliuliza Kaltham kwa sauti ya sukari.

"Niende wapi?"

Basi Kaltham akaenda mwenyewe. Nyumba za madaktari zilikuwa nyuma ya hospitali, na Halina alifungua mlango macho mekundu.

"Sasa ndiyo unakuja? Nilikuonesha kumi!"

"Na hii ni kumi," alisema Kaltham, akainyooshea kidole saa ya ukutani.

Mshale mfupi ulikuwa juu ya nne. Sawasawa: mshale ukiwa juu ya nne ni saa kumi, mtoto yeyote wa Unguja anajua. Na ukiwa juu ya kumi? Kaltham alihesabu, akahesabu tena. Ukiwa juu ya kumi ni saa nne. Saa nne wanatungoja. Hasira hasara, na hasara yenyewe bado hakuijua ni ya nini. Alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

Halina alimweleza polepole. Sleyum alisoma Poland, akaoa huko, akazaa mtoto wa kike, Azza, jina la mama yake Sleyum. Mkewe hakukubali kuhama, Sleyum akaondoka mtoto akiwa na mwaka mmoja. Sasa yule mama amekufa. Azza ana miaka kumi na sita na anataka kuja kwa baba yake, lakini ruhusa anayo bibi yake mzaa mama, na bibi alitoa sharti moja: "Baba namjua, ni yule aliyeondoka. Nataka kumsikia huyo mama atakayekaa naye, kwa kinywa chake."

"Yale maneno aliyaandika kwa ajili yako," alisema Halina. "Yeye Kipolandi anakijua. Kaandika kwa herufi zenu ili uweze kutamka. Mtoto akiuliza shule iko wapi, useme karibu. Akiuliza aje lini, ujue kumjibu."

"Na bibi?"

"Leo asubuhi alipiga simu hapa hapa kwangu, akakuuliza mara tatu. Sleyum akasema unaumwa. Bibi akasema, mgonjwa hukohoa, huyu sijamsikia hata kikohozi. Mtoto atabaki kwake."

Kaltham alirudi kwa miguu. Alimkuta Sleyum ameketi kitandani, na alichokuwa nacho moyoni kilitoka kama kilivyo.

"Miaka tisa, Sleyum! Mtoto mzima humfichi mfukoni!"

"Niliogopa," alisema Sleyum. "Kila mimba ikitoka nilisema nitangoja kidogo. Nitakuambiaje wewe, katika hali ile, kwamba mie nnaye?"

Kaltham alilia, akajifuta kwa kipande cha nguo ya watu wa Manah, akaleta penseli na karatasi.

"Niandikie samahani. Nitampelekea yule bibi barua."

Sleyum aliandika, akafuta, akaandika tena: psheprasham. Kaltham alijaribu mara tatu na ulimi ukakwama.

"Ndivyo linavyosemwa hivi?"

"Sijui," alisema Sleyum. "Samahani ya kumkanyaga mtu ndani ya basi naijua. Ya mambo haya sikupata kuwaambia, hata siku ya kuondoka."