Miche ya Parachichi na Chumba cha Nyuma

Mkutano wa kijiji ulikuwa umefika kwenye mengineyo niliponyoosha mkono. Hapa kwetu Ganako, nyuma ya ofisi ya kata, kuna chumba tunachokiita maktaba. Nikapendekeza kiwe stoo ya mbolea ya kikundi cha wakulima.

"Ndugu mwenyekiti," nikasema, nikainua simu, "maktaba nzima ninayo mkononi. Unauliza, inajibu. Vitabu vya nini tena?"

Vijana walipiga makofi. Mke wangu, aliyeketi na akina mama wenzake, hakupiga. Kila Alhamisi wao hukutana katika chumba kile. Mmoja husoma kwa sauti, wengine husikiliza huku wakichambua maharage. Hawana mahali pengine pa kukaa bila mwanamume kuuliza chai iko wapi. Nililijua hilo, lakini makofi yalikuwa matamu. Uamuzi ukaahirishwa hadi mkutano unaofuata.

Wiki hiyo hiyo nilipanda miche ya parachichi, ile iliyobebeshwa kijiti cha aina bora, niliyoinunua Karatu mjini. Nikaiuliza simu kuhusu mbolea. Jibu la juu kabisa lilisema samadi ya ng'ombe. Nikafunga hapo hapo, maana bando halitoki mbinguni.

Sisi watu wa huku hatuna uchoyo wa samadi. Mwenye lundo kubwa karibu na mlango hutembea kama mwenye gari. Basi karibu kila mche niliujazia hadi shingoni, samadi ikiwa bado ya moto kutoka zizini. Mke wangu akasimama kunitazama.

"Mzee, hiyo si mbichi?"

"Simu imesema samadi."

"Imesema mbichi?"

"Imesema samadi, mama!"

Akajitanda kitenge, akashika njia ya ofisi ya kata. Ningemjua vizuri kwa miaka yote hii, ningeogopa.

Majani yakaanza kuungua pembeni. Nikaiuliza simu tena. Humo mtandaoni mmoja alisema maji yamezidi, mwingine yamepungua, wa tatu alitaka kuniuzia dawa. Asubuhi moja nikajipenyeza maktaba kwa njia ya nyuma, nisionekane. Rafu zimejaa riwaya nene za Kijerumani walizoacha watalii wa hoteli za kule kreta, kwenye hifadhi ya wanyama. Panya tu ndio wamezimaliza. Dada anayetunza chumba akainua macho.

"Shikamoo mzee. Umekuja kupima stoo?"

"Marahaba. Nataka kitabu cha parachichi."

"Kipo kimoja. Kimeazimwa."

"Na nani?"

"Ukifika nyumbani kwako, uliza jikoni."

Kilikuwa juu ya debe la unga. Mke wangu alikuwa amekiazima tangu siku niliyopanda.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekusumbua bure, na wewe una maktaba nzima mkononi."

Nikaomba anipe. Akaniambia ninawe kwanza, kisha nikae, atanisomea mwenyewe. Akaanza ukurasa wa kwanza, aina za udongo, taratibu kama anasoma misa.

"Ruka hapo, nenda kwenye mbolea."

"Ulisharuka, mzee. Si unaona miche?"

Tukapita udongo, tukapita mashimo, ndipo tukafika kwenye samadi: ioze hadi ipoe kabisa, ichanganywe na udongo, isiguse shina. Siilaumu simu. Pengine hayo yote ilikuwa nayo chini kidogo ya pale nilipofunga. Niliiuliza kama mtu anayechungulia mlangoni, akabisha hodi, na kuondoka kabla mwenyeji hajamaliza kuitikia.

Jioni hiyo tulifukua samadi pamoja, yeye akiwa na jembe lake. Miche mingi ilikuwa imekwisha. Michache ilipona, ile iliyokuwa mbali na zizi, ambako nilichoka kubeba.

Mkutano uliofuata nikanyoosha mkono tena.

"Ndugu mwenyekiti, naondoa hoja yangu. Chumba kibaki maktaba."

"Sababu, mzee wetu?"

"Parachichi."

Upande wa akina mama mmoja akasema neno kwa Kiiraqw, wote wakacheka hadi vitenge vikawaanguka mabegani. Sitalitafsiri.

"Sasa mbolea tutaiweka wapi?" mwenyekiti akauliza.

Mke wangu akasimama. "Kwa huyu mzee. Ana banda kubwa, na siku hizi mbolea anaijua."

Makofi ya siku ile yalizidi yale yangu. Mifuko imejaa bandani hadi dari, na Alhamisi chai najichemshia mwenyewe.