Kitanda Katikati ya Maji

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, gari lililotubeba kutoka Kitomanga lilisimama. Mvua ilikuwa imeikata barabara ya Lindi, na palipokuwa na daraja maji yalifika kifuani. Mke wangu alikuwa na uchungu tangu jana yake, mtoto amekaa vibaya. Mkunga wa zahanati alitutuma hospitali, akasema tukichelewa tutawapoteza wote wawili.

Vijana wanne walikuwa wakivusha watu kwa malipo. Tulipatana bei, tukamlaza mke wangu kwenye kitanda cha kamba, wakakiinua mabegani. Mimi nilishika upande wa kichwani. Kiongozi wao alinisikia nikimtuliza kwa Kimakonde.

"Kumbe watani zangu! Ningejua ningewapandishia bei."

Katikati ya maji wakasimama. Kwetu mtani ana haki ya kuzuia jeneza mpaka apewe chake, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Lakini huyu tuliyembeba alikuwa hai.

"Maiti haivuki bure," alisema.

"Mtani, ana mtoto tumboni."

"Basi maiti mbili. Ongeza."

Wenzake walicheka hadi kitanda kikainama, maji yakamlowesha mke wangu mgongo. Akaanza Salamu Maria kwa sauti.

"Mwite na mwanawe," mtani akasema. "Si hutembea juu ya maji? Aje atupokee mzigo."

"Anakuja," mke wangu akamjibu. "Angalia asikukute umesimama."

Walicheka tena, ila hawakusogea. Mikono yangu yote ilikuwa imeshika kitanda. Mtani akaingiza mkono wake katika mfuko wa shati langu, akatoa noti zote, akazibana kwa meno. Ndipo wakatembea.

Mke wangu hakuacha kusali. Maji hayakupungua. Lakini kila alipomaliza nusu yake ya sala ilinibidi niitikie nusu yangu, na anayesubiri zamu ya kuitikia hapati nafasi ya kuwazia kaburi. Tuliendelea hivyo mpaka ng'ambo.

Hospitali walimpasua. Yeye alipona. Mtoto, wa kiume, alitolewa amekwisha kufa. Nesi alinikabidhi akiwa amefungwa katika khanga, akaniuliza kama nina nguo zake. Nilimwambia tulipanga kuzinunua mjini.

Mke wangu alipozinduka hakuuliza, aliniangalia mikono tu. Kisha akaanza sala ileile kwa sauti ya kukwaruza. Niliitikia mpaka akasinzia.

Katika meno ya mtani zilikwenda shilingi elfu tisini na sita, za nguo zikiwemo.