Maneno Yaliyomezwa Kati ya Mabano

Nakumbuka asubuhi moja mwanzoni mwa mwaka 2008, mwanangu, nimekaa mbele ya kompyuta katika redio ndogo pale Nakuru, na sielewi kitu. Nilikuwa msichana mgeni kazini, JavaScript, lugha ya kuandikia programu, nikiijua juu juu tu. Vurugu za baada ya uchaguzi zilikuwa zimetawanya familia, na watu walitutumia jumbe za simu wakitafutana. Sisi tuliziweka kwenye tovuti.

Wengi waliandika ndani ya mabano mahali walipojificha. Jambo hilo lilimtia wasiwasi Mzee Jaswant, mkubwa wangu.

"Kila kilicho ndani ya mabano kitoe," aliniambia. "Kiweke kando, tubaki nacho sisi. Si kila anayesoma ni mtu mwema."

Basi nikaandika programu fupi ya kuzichuja jumbe hizo kwenye kompyuta yetu kabla hazijaenda mtandaoni. Niliiagiza hivi: anza kwenye bano la kufungua, chukua chochote, ishia kwenye bano la kufunga. Kwa maandishi ya programu ilikuwa /\(.*\)/. Nikaijaribu kwa ujumbe mmoja, ikafanya vizuri. Nikapandisha jumbe zote kwenye tovuti, nikaenda kunywa chai.

Kabla ya saa sita akaja mwanamume mmoja, koti lina vumbi la viazi. Alisema anaitwa Njoroge, mkulima wa Molo, na amesoma ukurasa wetu kwa cyber, duka la intaneti, huko Bondeni.

"Madam, hapo kuna jina la bibi yangu. 'Nyambura wa Molo.' Halafu hakuna kitu. Mbona mmekata?"

Nilifungua ukurasa. Kweli, jina lilisimama peke yake.

"Amekufa ndio mkaficha?" akauliza kwa sauti ya chini.

Jumbe nyingine zilikuwa nzima, nyingine zimebaki nusu, na sikuona tofauti yake. Nikatafuta ujumbe wenyewe kama ulivyofika. Ulisema: "Nyambura wa Molo (niko kanisani Bahati) niko salama na watoto, namtafuta Njoroge (simu ni ya jirani)."

Nilimsomea sehemu ya katikati peke yake. Akakaa chini sakafuni, akafunika uso.

Mzee Jaswant alitazama juu ya bega langu. "Huu una mabano mara mbili," akasema. "Programu yako imeanzia bano la kwanza, ikasimama wapi?"

Hapo ndipo nilipoanza kuona. Nilikuwa nimesema "chochote", nayo ikachukua chochote kweli, mpaka bano la mwisho kabisa. Habari ya uhai ilikuwa katikati, ikamezwa.

"Yuko wapi?" Njoroge akauliza.

Nikachanganyikiwa tena. Nimwambie? Je, kama si mumewe? Mzee akanizuia kwa mkono, akapiga namba iliyoleta ujumbe, ile simu ya jirani, akaomba kuongea na Nyambura, akamwambia kuna mwanamume anayesema ndiye Njoroge.

"Muulizeni ng'ombe wetu tulimwita nani," Nyambura akasema.

Njoroge akashangaa. "Hakuwa na jina. Tulimwita tu 'wewe'."

Kwenye simu tulisikia mwanamke akicheka huku analia. "Mwambieni aje Bahati," akasema.

Njoroge alipoondoka, nilibadilisha agizo: baada ya bano la kufungua, chukua kila herufi isiyokuwa bano la kufunga, kisha bano lenyewe, na urudie mpaka mwisho wa ujumbe. Yaani /\([^)]*\)/g. Kwa agizo hilohilo nikanakili kwanza maneno ya mabano kwa match, amri ya kutafuta, nikayaweka kando, ndipo nikayafuta kwenye ujumbe kwa replace, amri ya kubadilisha. Nikasoma kila ujumbe kwa macho yangu, nikijiuliza ni nani mwingine aliyesoma jina tupu asubuhi ile akarudi zake bila kutuuliza. Hilo sikulijua kamwe.

Mwanangu, ukiambiwa uondoe kitu, jaribu kwa sentensi ngumu kabla ya ile rahisi. Weka nakala ya maneno ya asili. Usiseme "chochote" pale unapomaanisha kidogo. Na ukichanganyikiwa, sema umechanganyikiwa, kwa maana nyuma ya yale maandishi kuna mtu anayengoja. Mungu akupe macho ya kuona kilicho katikati, na mikono yako isimpoteze mtu.