Moshi Niliouona Ziwani Matema

Mimi ni mgeni Kyela, nesi niliyehamishiwa huku kutoka Singida. Jumamosi iliyopita mwenzangu wa kazini, Tusajigwe, alinipeleka kwao Matema kuangalia ndege, akisema hakuna mahali pazuri kama pale mto unapoingia ziwani. Hakunidanganya. Furukombe alijirusha kutoka juu, akaibuka na samaki kuchani, nami nikasahau hata kufunga mdomo.

Ndipo nikaona moshi mweusi ukipanda kutoka katikati ya ziwa hadi mawinguni.

"Boti inaungua!" nikapiga kelele, nikakimbilia kijijini. Wanawake wakatoka mbio na makapu na sufuria. Nikaamini wanakuja kuokoa watu, basi nikatangulia majini na gauni langu, nikilia.

Ule moshi ukatufikia. Kumbe ni wadudu wadogo wasiohesabika, na ndani yao mbayuwayu walizunguka wengi hadi jua likafifia. Sijawahi kuona kitu kama kile. Nilisimama maji yakiwa kiunoni, machozi yakinitiririka.

Nyuma yangu wanawake walipunga makapu hewani kuwanasa wadudu, huku wakicheka. Mama yake Tusajigwe akaniita, "Mwanangu, hiyo ni mboga. Unaililia nini?"