Rauta ya nyumbani au wifi ya mfukoni? Mimi ushindi nimeupatia jikoni kwa mama, Goma

Wakuu, salamu kutoka Goma. Haya yamenipata mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na pale nilipofanya ujinga nitasema ni ujinga.

Mimi ni mwalimu. Shule niliyokuwa nafundisha ilifungwa, nikakaa nyumbani kwa wazazi zaidi ya mwaka. Ukikaa hivyo, watu wanaacha hata kukuita mwalimu. Inauma, tusidanganyane.

Basi nikapata nafasi ya kufundisha wageni Kiswahili kwa video. Jaribio ni somo moja la saa nzima, live. Mtandao ukikatika mara mbili, umetoka.

Mara ya kwanza nilitumia simu yangu. Ulikatika mara tano. Dada anayesimamia majaribio akanionea huruma, akanipa nafasi ya mwisho: Jumamosi, saa nne asubuhi.

Nikasema safari hii nanunua kifaa cha maana.

Dukani kulikuwa na aina mbili, zote za kuweka laini ya simu. Rauta ya nyumbani, kubwa, inachomekwa kwenye umeme. Na ya mfukoni, ndogo kama kipande cha sabuni, ina betri yake.

Muuzaji akanisukumia ile kubwa. "Dada, kamata hii, njo iko na nguvu." Yaani ndiyo yenye nguvu.

Nikamwuliza, umeme ukienda je? Akacheka tu. Watu wa Goma mnajua alichekea nini.

Nikachukua ya mfukoni, nikatoka pale natembea kama mtu aliyenunua gari.

Sasa ujinga wenyewe. Kwetu ni karibu na mpaka. Nilipoiwasha mlangoni, network ikajaa vijiti vyote, nikapiga vigelegele. Kumbe imeshika mnara wa ng'ambo, Rwanda! Salio lote likaliwa kabla ya chakula cha mchana.

Mtu mzima, nimezaliwa hapa hapa, kwenye simu roaming nimeifunga miaka yote. Kifaa kipya nikasahau. Nichekeni tu, nimestahili.

Nilipofunga roaming, sebuleni kikabaki kijiti kimoja. Nikaazima rauta kubwa ya jirani, nikaiweka dirishani. Vijiti vitatu! Nilifurahi dakika kumi, umeme ukakatika.

Dirishani network ipo, ndani haipo: hapo ndipo nikagundua kuwa tatizo la sebuleni ni kuta. Nyumba yetu Papa aliijenga kwa mikono yake, mawe ya volkano, kuta nene. Nikamweleza kwamba zinazuia mtandao. Nilijuta kufungua mdomo.

"Mama, hii nyumba njo imekuwa mubaya leo?" Papa huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Ulilala humu, ulikomalia humu, leo mawe iko na makosa?"

Siku mbili hakunisemesha vizuri.

Ijumaa nikazunguka uani na kifaa mkononi, macho kwenye taa zake, majirani wakidhani nimechanganyikiwa. Nje kilishika vizuri, lakini mvua ya hapa haina adabu. Nikaingia jikoni kwa mama, kibanda cha mbao nyuma ya nyumba.

Vijiti vinne. Wakuu, nilitaka kulia.

Mama akaniangalia. "Kesho niko natwanga sombe. Mimi sitoke humu." Sombe ndiyo kisamvu.

Nilibembeleza, wapi. Mwisho tukapatana: yeye na kinu chake, mimi na somo langu.

Jumamosi. Laptop imechajiwa, iko juu ya gunia la viazi. Kifaa kimening'inia kwenye msumari. Mwanafunzi ni mzee mmoja mstaafu, mpole. Dada msimamizi naye yupo, anasikiliza kimya.

Dakika ya ishirini mzee akauliza, "Hiyo sauti ni nini?"

Nikaona heri nife nikifundisha, nikageuza kamera.

"Huyu ni mama yangu. Anatwanga majani ya muhogo."

"Ana-twanga," akarudia mzee.

Mama, bila kuulizwa: "Umuambie akuye, tutamupatia na bugali!"

Nikamfafanulia mzee kwamba mama anamkaribisha, na kwamba vitabuni atakuta "ugali" na "aje". Akacheka hadi miwani ikamtoka. Kuanzia hapo lilikuwa somo la jikoni: kinu, mchi, moshi, chumvi. Sijawahi kufundisha vizuri namna ile.

Katikati redio ya jirani ikanyamaza ghafla. Umeme umekwenda. Kifaa changu hakikuwa na habari!

Saa nzima, hakuna kukatika hata mara moja. Mzee akaaga: "Asante sana, mwalimu."

Ilibidi nijifanye moshi umeniingia machoni.

Jioni jibu likaja: nimepita. Nilipiga kelele mpaka Papa akatoka bila viatu.

Nilichojifunza: usianze na bei wala spidi. Anza na kuta zako, umeme wako, na mnara ulio karibu nawe ni wa nchi gani. Mwenye nyumba ya mbao na sola ya uhakika, rauta kubwa itamfaa, sibishi. Ila kwa maisha yangu mimi, ya mfukoni imeshinda, tena kwa mbali.

Ninyi mnatumia ipi, na mnaiweka wapi? Wabishi pia mnakaribishwa, ila nitawajibu baadaye.

Sasa hivi nina wanafunzi watatu wananisubiri. Mwalimu yuko kazini.