Ukuta wa Jairo

Kwa miaka arobaini na mmoja, Ercília Quintão aliwapikia wanafunzi wa chuo walioishi Jumba la Tai, akilala katika chumba kilicho nyuma ya jiko. Kila mhitimu aliacha picha yake ukumbini. Ercília alizifuta vumbi kila Jumamosi, akizitaja kwa majina ya utani.

Jumba lilijengwa Ouro Preto, Brazili, enzi Wareno walipochimba dhahabu huko: msingi wa mawe, nguzo za mbao ngumu, kuta za fito zilizofungwa kwa kamba za ngozi na kukandikwa udongo. Mwezi Agosti nilitumwa na idara ya majengo ya kale kulikagua kabla ya ukarabati. Agizo lilikuwa kwamba kilicho cha kale kibaki, kilichoongezwa baadaye kibomolewe. Chumba cha Ercília kilitiliwa shaka, na yeye hakuwa na makao mengine.

Nilibandua lipu ya ukuta wake kiasi cha kiganja. Fito, ngozi, udongo wenye samadi. Nikaandika kwenye fomu kwa penseli: cha kale.

Mwanafunzi waliyemwita Kiroboto alichungulia fomu. "Umepona, Mama! Chumba umejengewa na Wareno."

Ercília akaacha kusonga ugali. "Mreno gani aliyewahi kukandika ukuta?"

"Basi watumwa wao. Mabingwa wale! Siku hizi nani anaweza?"

"Jairo."

Jairo alikuwa mumewe, fundi wa udongo, marehemu wa miaka mingi.

"Mama, nyamaza, watakibomoa!"

"Nyamaza wewe, hata kitanda chako hujui kutandika. Ilikuwa mwaka sabini na tisa, udongo niliukanyaga mimi kwa miguu hii." Akanigeukia. "Binti, chimba chini ya dirisha, kushoto. Alizika kizibo cha bia siku aliyomaliza."

Nilichimba. Kizibo kilikuwepo, kimeshika kutu.

"Mama, nikiandika hivi, unajua kitakachofuata?"

"Andika. Na jina lake uliweke."

Nilifuta, nikaandika upya: kimeongezwa baadaye. Fomu haikuwa na nafasi ya jina la fundi, nililiandika pembeni. Ercília akapakua ugali, sukuma na maharagwe, sahani kumi na moja, kama kawaida.

Chumba kilibomolewa Novemba. Asubuhi hiyo, kabla ya kuondoka kwenda kwa mpwa wake, Ercília alisimama mlangoni na godoro lake lililokunjwa, akauliza kama udongo ungetupwa. Nilimjibu kwamba hapana: ungelowekwa, ukandwe tena, uzibe nyufa za kuta za kale za mbele, kwa kuwa ulikuwa mzuri kuliko tuliouleta.

"Najua," alisema.

Gari likaja, akapanda.