Rapa wa Kaka na Rapa wa Bakoki Wake

Wiki iliyopita nilikuwa Matisi, hapa Kitale, nimeenda kununua sufuria, nikasikia wimbo ukitoka kwa kinyozi. Aliyeimba alikuwa yule rapa kaka yangu aliyempenda. Nilisimama barabarani mpaka mtu wa bodaboda akanipigia honi.

Huyo rapa tulimjulia Kimilili, kwa nyanya yetu, msimu wa mahindi. Tulikaa nyuma ya jiko tukipukuchua mpaka vidole gumba vikachubuka, harufu ya viazi vitamu na maharagwe ikitoka ndani. Redio ilikuwa imenunuliwa Bungoma. Mawe yake ya betri yakiisha nguvu, nyanya aliyaanika juani kama samaki, na jioni redio ikasema tena.

Kaka alimpenda yule wa polepole, anayesimulia kama mtu anayekuambia habari za kwao. Akitaja jambo zito ananyamaza kidogo, ulimeze. Mtoto wa jirani alimpenda wa mbio, vina juu ya vina, hujashika mstari huu na mwingine umeshaingia.

"Wako anasinzia katikati ya wimbo, bana!"

"Si afadhali. Wako ati anakimbia hivyo, ameiba kuku ya nani?"

Nyanya naye kutoka jikoni: "Na mahindi yangu yanabishana na nani?"

Mimi pia nilikuwa na wangu, mwanamke mwenye sauti nzito ambaye hakumtukana mtu. Alirudia neno moja wimbo mzima, na kila mara likauma mahali pengine. Siku moja nilijikaza nikasema huyo ndiye anawashinda wote. Nilitaka kaka anipinge. Nilikuwa nimejipanga na majibu. Akasema tu, "Huyo ni sawa, dada," akamgeukia mwenzake.

Halafu ikaja Agosti ya tohara. Kaka na yule mtoto wa jirani walicheza njuga pamoja, wakapakwa matope pamoja, wakakatwa asubuhi moja. Kwetu hiyo inawafanya bakoki, na bakoki wanatukanana mbele ya watu wazima bila mtu kukasirika. Dada hapewi ruhusa hiyo. Kuanzia hapo mabishano yao yakawa matamu zaidi, na mimi nikawa wa kuleta chai.

Kaka alipougua, mimi ndiye nilimpikia uji na kumgeuza kitandani. Hatukuzungumza sana. Siku ya mazishi bakoki wake alisimama kando ya kaburi, akapaza sauti: "Mwoga wewe! Umeona nimekaribia kukushinda ukatoroka. Hata kufa umekufa polepole, kama rapa wako!"

Watu walicheka huku wakilia. Mimi sikucheka. Nilimwonea wivu.

Nyanya hayuko, na pale nyuma ya jiko pamejengwa choo. Watoto wa ndugu zangu husikiliza muziki kila mmoja na waya wake masikioni, kwa hivyo hawana la kubishania. Nikikutana na yule bakoki sokoni Bungoma namsalimia vizuri, namuuliza habari za watoto. Ananipa pole, naipokea. Lakini nikishaachana naye nafikiria jambo moja tu: yeye alitukanwa na kaka yangu miaka yote hiyo, na mimi niliheshimiwa.